Ngao Ndogo Katikati

Ibada ilikwisha, watu wakatoka, na kanisa la Corvesham likabaki na baridi yake ya siku zote. Hester Bebb hakutoka. Alimshika Crispin mkono wa koti, akamrudisha hadi kwenye benchi la mbele, benchi ambalo halikaliwi na mtu asiye wa ukoo wa Corvesham.

"Kaa," alimwambia.

"Mama anasubiri kwenye gari. Nyama iko kwenye oveni."

"Sitakuchelewesha. Kaa, halafu tazama ukutani."

Crispin alikaa, lakini alimtazama yeye badala ya ukuta. Alikuwa na macho ya kijivu, yenye utulivu wa mtu ambaye hajawahi kuharakishwa na yeyote, na kila yalipotua kwake, Hester alisahau alichotaka kusema. Lilikuwa jambo la kumtia aibu. Kazini alisifiwa kwa kutosahau.

"Huo ukuta nimeutazama tangu siku niliyobatizwa," Crispin alisema. "Wewe sijakutazama vya kutosha. Mchungaji alipotangaza ndoa yetu leo, masikio yako yalikuwa mekundu."

"Crispin."

"Mekundu kabisa. Kama nyama kwenye bucha la baba yako."

"Nina jambo la kukwambia, na ukiendelea hivyo sitaweza."

Aliacha kutania. Hester alikuwa mtafiti wa nasaba. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia watu mababu zao. Kwa mwaka mzima Bwana Aubrey Corvesham, baba yake Crispin, alikuwa amempa kazi moja: kuthibitisha kwamba ukoo wao unashuka kutoka kwa Sir Fulk wa Corvesham, yule shujaa wa jiwe aliyelala kando ya madhabahu na pua iliyovunjika, baba kwa mwana, bila kukatika, hadi kwake yeye Aubrey. Cheo cha baroni alichopewa Sir Fulk na mfalme kilikuwa cha kurithiwa na wanaume kwa wanaume tu. Kilikuwa kimelala karibu miaka mia tatu. Aubrey alitaka kukiamsha kabla hajafa.

Kazi hiyo ndiyo iliyomfungulia Hester mlango wa nyumba yao. Mwanzoni Aubrey alisema waziwazi kwamba hakumsomesha mwanawe katika shule zile ili aje kuoa dukani kwa mchinja nyama. Kisha alisikia binti huyo anafanya kazi gani, na sauti yake ikalainika. Hakusema kwamba ni mapatano. Watu wa aina yake hawasemi.

"Jiwe la babu yenu Enoch," Hester alisema. "Lile lenye ngao. Unaona nini?"

"Naona ngao yetu. Kunguru mweusi."

"Kunguru yuko wapi?"

"Katikati. Mahali pa heshima. Baba huwaonyesha wageni wote."

"Yuko ndani ya ngao ndogo. Ngao ndogo imewekwa katikati ya ngao kubwa. Kwenye ngao kubwa kuna nini?"

"Nyundo tatu. Hizo ni za upande wa mkewe, Dorothy."

"Hapana, mpenzi. Ngao kubwa ni ya mume. Zamani mwanamume akioa binti asiye na kaka, binti ambaye ndiye mrithi wa baba yake, alichukua ngao ya ukoo wa mke akaiweka ndogo, katikati ya ngao yake mwenyewe. Kila mchonga mawe alilijua hilo. Kunguru ni wa Dorothy. Nyundo ni za Enoch."

Crispin alilitazama jiwe. Hester aliona tabasamu likimpotea taratibu, upande mmoja kwanza.

"Lakini ni Enoch Corvesham. Jina limeandikwa pale chini."

"Alikufa akiwa Corvesham. Alizaliwa Tandy. Kwao walikuwa na viwanda vya misumari. Baba yake Dorothy alikuwa mwanamume wa mwisho wa ukoo huu, akaweka sharti kwamba atakayemwoa binti yake achukue jina, ngao na nyumba. Enoch akachukua vyote. Nimekwenda kuliona kaburi la ndugu yake, lina nyundo zilezile tatu. Enoch Corvesham hakubatizwa popote. Enoch Tandy alibatizwa."

"Baba husema Enoch aligombana na mfalme, ndiyo maana akakikataa cheo."

"Hakukikataa. Hakikuwa chake. Ninyi ni wazao wa Sir Fulk kweli, damu yake mnayo, lakini mmeipata kwa Dorothy. Kuumeni ni Tandy."

Nje, honi ya gari ililia mara moja, kwa adabu. Hester alijiandaa kwa hasira, akajiandaa pia kwa maswali, kwa sababu maswali angeweza kuyajibu. Hakujiandaa kwa kicheko.

"Misumari!" Crispin alicheka hadi akashika kifua. "Maskini Baba. Karne saba za majivuno, kumbe ni misumari."

"Hukasiriki?"

"Nikasirike kwa nini? Nimekuchumbia wewe, sikuchumbia cheo." Alimshika uso kwa mikono miwili, viganja vyake vilikuwa vya moto katika baridi ile. "Mwambie leo mezani. Usisubiri, atakuwa ameshaita wakili. Nitakaa karibu yako. Akikufokea, atakuwa anatufokea wawili."

Alimbusu kwenye paji la uso, na Hester akafumba macho. Katika utafiti wa mwaka mzima hakuwa ameandika lolote bila kulithibitisha mara mbili. Neno hili alilipokea kutoka kwa shahidi mmoja, tena shahidi mwenye maslahi, akalihesabu kuwa kweli.

*

Chumba cha kulia cha Corvesham kilikuwa na baridi kuliko kanisa. Hester alibaki na koti lake. Sybil, dada mkubwa wa Crispin, alimwona akajichekea. Yeye mwenyewe alikuja mezani na soksi tu miguuni, na harufu ya kondoo. Ndiye aliyeliendesha shamba, kwani hapakuwa na mwingine wa kuliendesha.

"Zoea, bibi harusi," alisema. "Hapa joto tunawawekea wafu. Tunaobaki hai tunakula haraka."

"Sybil," alisema mama yao, Bi Lavinia.

"Nimemkaribisha tu, Mama."

Aubrey alisimama kwenye ncha ya meza akikata nyama ya ng'ombe vipande vyembamba, kwa makini, kama anagawa ardhi. Crispin aliingia wa mwisho. Kiti cha kando ya Hester kilikuwa wazi. Alikizunguka, akaenda kukaa mkono wa kulia wa baba yake.

Hester aliliona hilo. Alijiambia kwamba labda ndicho kiti chake cha kila Jumapili.

"Nimezungumza na wakili," Aubrey alisema, akiketi. "Mambo mawili yatakwenda pamoja. Madai ya cheo yatafika London mwezi ujao. Na siku ya ndoa, nyumba na shamba naviandikisha kwa Crispin. Mimi na mama yenu tutahamia nyumba ndogo ya chini."

"Na mimi nitahamia wapi, Baba?" Sybil aliuliza, akijiwekea viazi.

"Wewe utabaki hapahapa. Ndugu yako hatakufukuza."

"Asante, Cris. Na kondoo je? Nao unawarithi kuumeni, au hao watanifuata mimi?"

"Dada, usianze," Crispin alisema.

"Sijaanza. Nilianza nilipozaliwa kabla yako, na hilo halikunisaidia."

"Tulilizungumza hili ulipotimiza umri," Aubrey alisema, bila kuinua sauti. "Nilikwambia, na leo nakwambia. Corvesham haijapita mkononi mwa binti tangu Sir Fulk alipoijenga. Sikuitunga mimi desturi hiyo. Mchuzi, Lavinia."

Hester aliweka uma chini. Mpaka wakati ule alikuwa amedhani kwamba jiwe la Enoch linamhusu mzee mmoja na cheo chake cha kale. Sasa alimwona Sybil, mikono yake iliyopasuka kwa baridi ya malisho, na alimwona Crispin, ambaye hakuwa akimtazama. Macho yale ya kijivu yalikuwa yamekazana kwenye viazi. Alitambua kwamba Crispin alishayafikiria yote haya njiani kutoka kanisani, katika kiti cha nyuma cha gari, akiwa amemshika mkono.

"Basi, Hester," Aubrey alisema. Siku hiyo alilitamka *Hester* vizuri sana, kama jina ambalo si la dukani. "Wakili anahitaji nasaba yenye sahihi yako. Iko tayari?"

"Iko tayari, Baba," alijibu Crispin kabla Hester hajafungua mdomo. "Imebaki kutia sahihi tu."

Hester alimtazama. Alingoja ainue uso. Alimpa muda, muda mrefu kuliko adabu ya meza inavyoruhusu, na katika muda huo alifikiri kwa uaminifu juu ya kunyamaza. Sahihi ni mstari mmoja tu. Mbele ya mstari huo kulikuwa na harusi ya mwezi wa Juni, na nyumba, na viganja vile vya moto juu ya uso wake asubuhi zote zilizobaki. Nyuma yake kulikuwa na mfu mmoja aitwaye Tandy, ambaye hakumdai chochote.

Crispin hakuinua uso.

"Siwezi kutia sahihi, Bwana Corvesham," Hester alisema.

Alieleza. Alieleza kwa maneno machache na kwa mpangilio, kama alivyoeleza kanisani: ngao kubwa, ngao ndogo, nyundo, kunguru, ubatizo wa Enoch, kaburi la ndugu yake. Sauti yake haikutetemeka, na alijua kwamba katika nyumba ile hilo litahesabiwa kuwa ukatili.

Aubrey aliweka kisu sambamba na uma.

"Fundi misumari," alisema.

"Mwenye viwanda vya misumari. Tajiri kuliko Corvesham yeyote aliyemtangulia. Paa hili aliliezeka yeye."

"Hester, mpenzi," Bi Lavinia alisema kwa upole, "mambo kama haya kwetu huzungumzwa baada ya chakula."

"Nimekaa chini ya jiwe lile maisha yangu yote," Aubrey alisema. "Baba yangu alikaa hapo. Babu yangu alikaa hapo. Leo anatoka binti wa bucha kuja kunisomea ngao yangu?"

"Mlikuwa mnamtazama kunguru," Hester alisema. "Hamkuwa mnaisoma."

Sybil alianza kucheka, kicheko cha puani, kisha akakikata. Kijiko chake kilibaki hewani.

"Subirini kwanza," alisema. "Huyo Dorothy. Alikuwa na kaka?"

"Hapana. Alikuwa mtoto pekee."

"Na nyumba ilikuwa ya baba yake."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo Enoch hakuileta yeye. Aliikuta. Nyumba ilikuwa ya Dorothy." Alimgeukia baba yake, na kwa mara ya kwanza tangu Hester amjue hakukuwa na mzaha usoni mwake. "Baba, nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nililia mbele yako, pale dirishani. Ukanipa leso, ukaniambia haijawahi kutokea hata mara moja."

"Haya ni maneno ya mtu mmoja tu," Aubrey alisema. "Crispin. Wewe ulikuwa unayajua?"

Wote walimtazama Crispin. Bi Lavinia pekee aliendelea kugawa kabichi, na sahani ya Crispin ilikuwa imeshajaa.

"Aliniambia kanisani," Crispin alisema. Mkono wake ulipanda hadi kwenye kola ya shati. "Nilimwambia amekosea. Nilimwomba ahakikishe kwanza kabla ya kukusumbua."

Hester aliyasikia maneno yale moja moja, akatafuta mahali ambapo angeweza kuyaelewa vinginevyo, na hakupaona.

"Amechoka, Baba," Crispin aliendelea, kwa huruma kabisa. "Amefanya kazi kupita kiasi. Tutampata mtu London, mtu mwenye jina."

"Mwongo wewe, Cris," Sybil alisema. "Tangu utotoni ukidanganya unashika kola."

Mkono ulishuka. Uwekundu ulimpanda Crispin shingoni, na hata sasa, Hester aliona kwa uchungu, ulimpendeza.

"Umesikia, binti," Aubrey alisema. Alikuwa amerudiwa na sauti yake. "Mchumba wako mwenyewe. Mimi si mtu mgumu. Watu hukosea, na nyumba hii inajua kusamehe. Kesho utapitia tena karatasi zako, utaona ulipochanganya, na sisi tutasahau mlo huu."

Hester alikunja kitambaa chake cha mezani. Alivua pete, akaiweka kwenye ukingo wa sahani, mahali ambapo watu huweka mifupa.

"Ahsante kwa chakula, Bi Lavinia," alisema, akatoka.

*

Sybil alimfuata hadi kwenye chumba cha viatu, akasimama kati ya magambuti na mbwa wawili wazee waliolala.

"Yote uliyosema ni kweli?"

"Jiwe liko ukutani. Yeyote anaweza kwenda kulisoma."

"Nitaenda na wakili wangu. Wakili ninaye, hawajui." Alimpa skafu yake. "Usinishukuru. Ningekuwa kwenye kiti cha Crispin, ningesema alivyosema yeye. Nakwambia mapema usije ukanipenda na mimi pia. Unaelekea kuwa na udhaifu huo kwa ukoo wetu."

"Ningependa kuondoka sasa," Hester alisema.

"Ndiyo. Ondoka. Mvua inaanza."

Hester alikuwa ameshafika uani, penye gari lake aliloliacha pale kabla ya ibada, ufunguo mkononi, aliposikia hatua za Crispin kwenye kokoto. Alikuja bila koti. Ngumi yake ya kulia ilikuwa imefumbwa, na Hester alijua kilichomo ndani.

"Umesahau hii."

"Sikuisahau."

"Hester, ungeweza kusubiri. Wiki moja. Mwezi. Tungekuwa tumekwisha kuoana."

"Wewe ndiye uliyesema nimwambie leo."

"Nilisema kabla sijafikiri."

"Ndiyo sababu nilikuamini."

Mvua ilimlowesha Crispin nywele, akazirudisha nyuma kwa kiganja, kama alivyofanya siku ya kwanza alipoingia ofisini kwake akitafuta babu na kukuta mwanamke. Hester alitamani afanye kitu kibaya. Afoke, atukane. Lakini alisimama tu pale, mzuri, amelowa, mwenye huzuni ya kweli.

"Unajua nyumba hii ni nini kwangu?" Crispin aliuliza.

"Tangu leo mchana, najua."

"Sybil hana mume. Hana mtoto. Akiichukua, itakwenda wapi?"

"Kamwulize yeye. Nadhani hakuna aliyewahi kumwuliza."

"Sikiliza." Alisogea karibu, akashusha sauti, sauti ileile ya benchi la mbele. "Rudi ndani na mimi. Sema ulichanganya makaburi mawili. Hakuna atakayekuhoji, Baba anapenda sana kusamehe. Tutaoana Juni. Nitakupenda kila siku ya maisha yangu, na unajua kwamba nitakupenda."

Alijua. Hilo ndilo lililokuwa baya kuliko yote, kwamba katika maneno yote ya Jumapili ile hilo lilikuwa na uwezekano mkubwa wa kuwa kweli. Angempenda vizuri, kwa shukrani, kama mtu anavyompenda aliyemwona akipiga magoti kwa ajili yake. Na kila Jumapili wangekaa pamoja kwenye benchi la mbele.

"Nijibu moja tu," Hester alisema. "Kanisani, uliniamini?"

"Ndiyo."

"Na mezani?"

Crispin alifungua ngumi, akaitazama pete, akaifumba tena.

"Mezani pia," alisema. "Nakuamini hata sasa. Ndiyo maana inabidi wewe ndiye useme si kweli. Mimi nikisema, haitoshi."

Hester aliitikia kwa kichwa polepole, kama anavyoitikia mteja anapompa tarehe aliyokuwa akiitafuta. Aliingia kwenye gari. Crispin alishika mlango kabla haujafungwa.

"Nitakupigia simu kesho."

"Usinipigie. Kesho utakuwa umeanza kuyaamini uliyoyasema mezani. Sitaki kukusikia ukiyaamini."

"Hester. Tafadhali. Nakupenda."

"Najua," alisema. "Sijawahi kulipinga hilo."

Mlango mkubwa wa nyumba ulifunguliwa. Aubrey alisimama kizingitini, kitambaa cha mezani bado shingoni, wala hakuutazama upande wa gari.

"Crispin! Pudingi inapoa."

Crispin alimtazama baba yake, kisha akamtazama Hester. Maji yalikuwa yakimtiririka kwenye kope, na mtu angeweza kudhani analia. Pengine alikuwa analia kweli. Midomo yake ilifunguka. Hester alingoja. Angekubali hata neno moja lisilo na maana, mradi lielekezwe kwake.

"Nakuja, Baba," Crispin alisema.

Aliuachia mlango wa gari, akaugandamiza taratibu hadi ukashika, akahakikisha umefunga, maana alikuwa mtu aliyelelewa vizuri. Pete aliitia mfukoni. Alivuka ua akiruka madimbwi.

Hester aliwasha gari, asiondoke. Alikuwa na haki ya kuondoka na sababu zote za kuondoka, na hata hivyo alikaa, mikono juu ya usukani, akiutazama mlango ule kupitia kioo kilichojaa mvua, kwa muda ambao baadaye hangependa kuukiri kwa mtu. Dirishani taa ya chumba cha kulia ilikuwa inawaka. Aliona Crispin akivuta kiti. Alimwona Bi Lavinia akimpa taulo, na Aubrey akimpiga begani mara mbili, kama mtu anavyompongeza kijana aliyerudi salama kutoka safari.

Kisha Crispin aliinua kijiko, akaanza kula.